UZI: Nyumba ya mzee Bamburi, developa ametuletea ofa ya ghorofa saba. Mimi nakataa, sababu zangu hizi hapa

Mwana wa Mtambo

Assalaam aleikum wana Mombasa, na wengine wote hamjambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, lakini kama una nyumba ya wazazi huku bara ya kaskazini, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, nakuomba ukae usome manake hili jambo sai liko kila mtaa kuanzia Kongowea mpaka Mtwapa na familia nyingi zinatia sahihi kabla hazijakaa chini kuongea.

Tuna nyumba ya familia Bamburi, upande wa juu wa barabara ya Malindi, ploti ya futi 50 kwa 100. Mzee aliinunua baada ya daraja jipya la Nyali kufunguliwa 1980, kabla ya hapo watu walivukia lile daraja la kuelea la tangu 1931 na huku kulikuwa minazi, mikorosho, mashamba ya mkonge kule Nyali, na vijiji vya wenyewe. Jamaa zake wa kisiwani walimuuliza unakwenda kukaa porini na nani. Akajenga kwa mawe ya timbo, yani ya machimboni, kidogo kidogo, kila akipata pesa anapandisha kozi mbili tatu. Vyumba vinne, veranda mbele, jiko lina mlango wake wa kutokea uani, nyuma kuna kisima, mwembe wa boribo, mkilifi mmoja mkubwa na minazi miwili.

Mzee ametangulia mbele ya haki. Tumebaki mama, sisi wanaume wawili na dada zetu wawili, mmoja yuko Jeddah. Developa amekuja na maneno matamu: nyinyi toeni ardhi mimi natoa pesa, napiga ghorofa saba flati 28, nyinyi mnachukua nane. Mdogo wangu ashapiga hesabu ya kodi mpaka miaka kumi mbele. Mama anasema fanyeni mnaloona lina kheri, lakini mimi ninaekaa nae najua moyo wake hautaki.

Sasa mimi sikatai kwa ajili ya kumbukumbu za utotoni. Nakataa kwa sababu ya maji, upepo na watu, na naanza na maji.

Mombasa hatuna mto wala chemchemi ya kunywesha mji. Maji ya mfereji yote tunaletewa kutoka kaunti za jirani: Mzima Springs kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba likipasuka huko au stima ikikatika kwenye pampu, huku mfereji unakoroma hewa tu. Kwa hivyo kila nyumba inarudi kwenye kisima. Na kisima cha huku kina tabia yake, chini ya haya mawe ya matumbawe maji baridi yamekaa juu ya maji ya chumvi, na tabaka lenyewe si nene. Ukichota kwa ndoo au kwa kapampu kadogo yanarudi, ukivuta kwa mota ya kujaza matenki ya flati ishirini na kitu chumvi ya chini inapanda, na ikishapanda kuirudisha ni kazi ya miaka.

Hili silisomi mahali, naliona jikoni kwetu. Ploti ya pili kutoka kwetu walipiga ghorofa tano wakachimba boholi, kile kisima kirefu cha mashine. Tangu hapo maji ya kisima chetu sabuni ya mche unaisugua mpaka mkono unachoka na povu halisimami, birika la chai linaganda ukoko mweupe ndani, na mama ambae miaka yote alikuwa anapikia wali kwa maji ya kisima sai ananunua mitungi kwa mkokoteni. Huo ni mjengo mmoja tu. Ukiongeza wetu wa flati 28 hapo hapo, na wa jirani wa nyuma ambae nae ashafuatwa na developa, hicho kisima kitabaki cha kuoshea kabro, zile tofali za kutandika uani.

Upepo. Kaskazi yaja toka kaskazini mashariki, Disemba mpaka Machi, kusi yatoka kusini mashariki kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi. Mzee hakuwa injinia lakini hilo alilijua, aliiweka veranda iangalie mashariki na korido ipite katikati moja kwa moja mpaka mlango wa uani, mchana wa Februari ukifungua ile milango miwili nyumba nzima inapumua. Sai upande wa kusi pana ukuta wa zile ghorofa tano. Chumba cha mama kiko upande huo, feni inazunguka usiku kucha na bado ukuta una joto ukiugusa.

Halafu maji ya mvua. Mwezi wa Mei ndo mvua nyingi zaidi hapa Mombasa kuliko mwezi wowote na huku mitaro ni ya kuhesabu. Ua wetu ni mchanga, haukusakafiwa, mvua ikipiga maji ya nusu ya kichochoro yanaingia kwetu yanakaa kidogo yanazama. Ploti zilizojengwa kuta mpaka mpakani na kumwagwa kabro kila pembe, maji yake yanakwenda wapi? Yanakuja kwetu, na sisi tukijenga yatakwenda kwa bibi wa mbaazi kule chini ambae mlango wake uko chini ya usawa wa njia.

Na watu. Kwenye veranda yetu ndo watoto wa kichochoro wanangojea basi la shule mvua ikinyesha, ndo matanga yote ya jirani zetu wasiokuwa na nafasi yanaandaliwa, masufuria ya pilau yanatandikwa uani kwetu chini ya mwembe bila mtu kuulizwa. Haya hakuna aliyeyaweka kwenye hesabu ya kodi. Naomba maoni yenu hasa wanaojua mambo ya ardhi, na wanaonipinga pia waseme.

Kamanda wa Nyali

Ndugu yangu nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu lakini nitakwambia ukweli. Ardhi ya Bamburi hairudi bei ya nyuma. Mama yenu anazeeka, dawa zinataka pesa, dada zako wana haki yao na hawawezi kula upepo wa kaskazi. Flati nane ni pensheni ya familia nzima. Na hata msipojenga nyinyi jirani atajenga, kwa hivyo upepo mtakosa na pesa mtakosa. Mimi familia yetu tuliuza Mkomani tukanunua mbali kidogo Utange, kila mtu akapata kitu chake na hatujagombana mpaka leo. Fikiria sana, usije ukabaki na nyumba kuukuu paa linavuja katikati ya maghorofa na huna hata pesa ya kubadilisha mabati.

Mwana wa Mtambo

@Kamanda hoja ya mama na dada ni ya haki na ndo ninayotaka tuitatue. Lakini wewe uliuza, pesa ikaingia mkononi mkagawana. Hii yetu si kuuza. Hii ni kutoa ardhi leo halafu kungojea flati ambazo hazijajengwa. Katikati hapo developa akikwama sisi tunakaa wapi na mama? Nimewauliza watu wa huyo developa swali hilo, wakanijibu "haiwezi kufika huko". Hilo si jibu.

Sveya Pwani

Mimi kazi yangu ni kupima ardhi, nitasema ninayoyaona kila wiki.

Kwanza kabisa, hati iko jina la nani? Kama bado jina la marehemu hakuna mtu yeyote mwenye uwezo wa kutia sahihi na developa, si wewe wala mdogo wako wala mama. Lazima mirathi ifunguliwe, warithi watajwe, ndo ardhi ihamishwe. Anaewaambia "tieni sahihi hapa mengine tutamalizia mbele" mkimbieni.

Pili, developa wengi hawana pesa yote mfukoni, wanakwenda benki, na benki inataka dhamana, na dhamana ni hiyo hati yenu. Kwa hivyo ukisikia "ardhi yenu pesa yangu" elewa kwamba mara nyingi ni ardhi yenu na deni lililokaa juu ya ardhi yenu. Akishindwa kulipa benki haimtafuti yeye peke yake. Mkataba uandikwe na wakili wenu nyinyi, sio wakili wake, na useme flati zenu ni zipi kwa namba, ghorofa ya ngapi, mtapewa lini, na katikati mtalipiwa kodi wapi. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 inawezesha kila flati kuwa na hati yake, sisitizeni hilo, msikubali vikaratasi vya makubaliano.

Tatu, kwa anaeogopa jirani kujenga: sheria ya mipango ya 2019 inataka mjenzi apate ruhusa ya kaunti kwanza, na kubadilisha matumizi ya ardhi kunatangazwa. Lile bango linalowekwa kwenye ploti si pambo. Lisomeni, pigeni picha, andikeni pingamizi mkiwa mtaa mzima na mtaje mambo ya kupimika kama septiki (tangi la maji ya choo), maji ya mvua na njia ya zimamoto. Watu huku wanangoja mpaka ghorofa ya nne imemwagwa slabu ndo waanze kulia, hapo hata ukienda mahakamani safari ni ndefu.

Na mshukuru mna hati. Nusu ya wanaonipigia simu Mombasa hii nyumba ni yao lakini ardhi si yao.

Mjukuu wa Majengo

Sveya umegusa pale pale pangu. Sisi nyumba ya bibi ilikuwa Majengo, nyumba ya Kiswahili hasa, vyumba vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Bibi alikaa vyumba viwili akapangisha vinne na kwa kodi hiyo akasomesha watoto wote, hakuwahi kuajiriwa siku moja. Wapangaji walikuwa wa kila kabila, wengine walikaa mpaka watoto wao wakaoa kutoka nyumba hiyo hiyo. Asubuhi ua mmoja una moto wa mahamri, mwengine anafua, mwengine anamlaza mtoto wa jirani.

Lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwengine, sisi tunalipa kodi ya kiwanja tu. Kwa wasiojua, huku Mombasa hilo ni jambo la kawaida kabisa, nyumba yako kwenye ardhi ya mwenzio, na mahakama zinalitambua. Tulipokuja kuambiwa ardhi imeuzwa tulikuwa na nyumba isiyokuwa na pa kusimama. Tulilipwa ya kuta tukaondoka.

Na haya yana historia ndefu. Wakoloni walileta sheria ya hati za ardhi huku Pwani 1908, aliekwenda kudai na kuandikisha akapata karatasi, ambae hakujua au hakufika ardhi yake ikahesabiwa ya serikali. Watu wakaamka wako wageni kwao. Ndo maana Mwana wa Mtambo mimi nikikusoma wewe una hati ya mzee mkononi na mtu anataka uitoe kwa ahadi, moyo unaniuma. Ila chukua hekima ya bibi yangu: hakuuza na hakukaa bure, alipangisha. Nyumba ya chini inaweza kulisha watu bila kupanda juu.

bint_kiembeni

Mimi niongee upande wa wapangaji manake hapa wote mnaongea kama wenye ploti. Nakaa flati, ghorofa ya nne, sina ardhi sina urithi. Sensa ya 2019 kaunti nzima ilikuwa watu 1,208,333, na Kisauni peke yake 291,930 wakati Mvita yote, yaani kisiwani, ni 154,171. Hawa watu walale wapi? Nyumba kama yenu ya vyumba vinne na miembe haziwezi kututosha sote. Flati si adui, mimi flati yangu ndo imenitoa kwenye chumba kimoja na watoto.

Lakini nitakuunga mkono kwenye maji. Kwetu maji ya boholi ni chumvi tupu, bomba za bafuni zimeoza, ukuta wa chini umetoka shura mpaka rangi inamenyeka vipande. Ya kunywa tunanunua. Na septiki ikijaa lori la kunyonya likichelewa siku mbili hakuna anaefungua dirisha. Jengo lina sura nzuri mbele, tailsi zinang'ara, lakini chini hakuna kitu kilichofikiriwa.

Mwana wa Mtambo

Dada umesema kweli na sina ugomvi na flati. Watu lazima walale na mji lazima ukue. Ugomvi wangu ni kupandisha watu juu mahali ambapo chini hakujaandaliwa. Bara ya kaskazini hatuna mabomba ya maji taka, karibu sote ni septiki na vyoo vya shimo. Kaunti ilete bomba la maji taka na mitaro barabara ya Malindi yote, ilete maji ya uhakika, halafu waje waniambie nijenge ghorofa saba, nitakaa nifikirie upya. Bila hivo flati 28 kwenye ploti ya 50 kwa 100 ni kumpangisha mwenzio shida kwa pesa.

Na umenikumbusha la nondo. Hewa ya bahari na mchanga wenye chumvi vikiingia kwenye zege chuma kinaota kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Nenda katazame chini ya balkoni za majengo ya huku ambayo hata si ya zamani, utaona vyuma vyekundu vinachungulia. Nyumba ya chini ukuta wake ukipasuka unapiga plasta. Ghorofa saba?

Fundi Mabomba 001

Mie ni plamba huku Kisauni na Bamburi, wacha niwape vipimo. Wanaojua kazi wanasema kisima na septiki viachane mita 30, yani futi 98 na kitu. Sasa ploti ya 50 kwa 100 hata ukipima kona kwa kona, ile ya mshazari, ni kama futi 112. Kwa hivo ukiweka kisima kona hii na septiki kona ile umebakisha kidogo sana, na hapo hujahesabu septiki ya jirani ambayo imeegemea ukuta wako upande wa pili. Kwenye udongo mzito maji machafu yanachujwa yakishuka. Kwenye mawe ya matumbawe yana matundu na nyufa, yanateleza tu mpaka majini. Nshafungua visima mie harufu yenyewe inakwambia.

Halafu watu wanadanganywa na neno septiki. Nyingi ninazozikuta ni shimo limechimbwa mpaka kwenye maji likafunikwa slabu, hazina sakafu wala kizigo, ule ukuta wa kugawa katikati. Ndo maana mwenye nyumba anajisifu "septiki yangu haijawahi kujaa." Haijai kwa sababu inamwaga kisimani kwa jirani. Septiki nzuri LAZIMA ijae, lazima ulipe lori.

Kwa flati 28 tukisema watu wanne kila flati ni watu 112 wanakoga wanafua wanakwenda choo kwenye ploti moja. Hamna pa kuyapeleka hayo maji wallahi. Mwana wa Mtambo maji ya kisima kwa sasa mtumie kwa kufua na choo, ya kunywa na kupikia yasitoke hapo hata kama yangekuwa matamu, au yachemshwe.

Mdogo mtu

Mimi ndo huyo mdogo wake anaesemwa humu. Nimetumiwa huu uzi na mtu wa kazini. Sikukasirika kaka, lakini na mimi nisikilizwe.

Kaka anaishi kwenye ile nyumba na mkewe na watoto, pamoja na mama. Mimi napanga Mikindani, naamka alfajiri, nalipa kodi kila mwezi kwa mtu nisiyemjua wakati nina fungu kwenye nyumba ya babangu. Dada wa Jeddah anafanya kazi nyumba za watu ili atume pesa ya kumuangalia mama. Dada mwengine ameachika na watoto watatu. Sisi sote nyumba ile tunaipenda, na mimi ndo nilikuwa nampanda mwembe ule mpaka juu kuliko wote. Lakini mapenzi hayo anaeyakalia ni mmoja. Developa alikuja mimi nikaona angalau kila mtu atapata kitu kilicho chake kwa jina lake. Kama kuna njia nyengine ya haki nionyesheni, sijaoa developa.

Ustadh wa Kisauni

Mashallah mdogo wetu umeongea vizuri na kwa adabu. Naingia kwenye mirathi tu kwa sababu naona mnazunguka bila kuitaja. Mmetaja mama, wanaume wawili, wanawake wawili. Kama hakuna mrithi mwengine, na madeni na wasia vishatolewa, mama ana thumuni, yani moja ya nane. Inayobaki mwanamume anapata mara mbili ya mwanamke. Ukitaka isiwe na vipande vipande fanya mafungu 48: mama 6, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7. Jumlisha utaona 48 imetimia.

Ukiigawa ardhi yenyewe ya futi 5,000 kwa mafungu hayo dada atapata kama futi 729 za mraba na mama 625, hapo hapajengeki kitu cha maana. Kwa hivyo gawaneni faida yake, au mmoja awanunue wengine kwa bei iliyothaminiwa, au mkikubaliana nyote muiweke wakfu wa familia kupitia Tume ya Wakfu iliyo hapa hapa Mombasa. Lakini msikae bila kuandikisha. Nendeni mahakama ya Kadhi mfungue faili. Mirathi ikicheleweshwa hurithiwa na wajukuu mia na hapo ndo damu inapokuwa maji.

Na anaekaa ndani ya mali ya wote bila idhini ya wote atazame nafsi yake.

Mwana wa Mtambo

Mdogo wangu nimekusoma. Jana usiku tumeongea kwenye simu na dada wote wawili wakawemo, kwa hivyo ninayoandika hapa yameshapita kwao, nayaweka ili walio kwenye hali kama yetu waone.

Developa tumemuandikia hapana, kwa sahihi zetu sote na kidole cha mama. Faili la mirathi linafunguliwa kwa Kadhi. Nyumba ya mbele inabaki ilivo na mama anakaa mpaka mwisho wa umri wake, hilo hakuna aliebisha. Mimi nalipa kodi ya vyumba ninavyokaa na familia yangu kama mpangaji yeyote, bei atuwekee mtu wa nje, na inaingia kwenye mfuko mmoja na ya wengine.

Banda la zamani la nyuma tunalivunja, pale tunapandisha nyumba mbili za vyumba viwili, moja chini moja juu, ghorofa moja basi, ngazi nje. Tumekadiria kodi ya 18,000 kila moja kwa bei za mtaa wetu, jumla 36,000, ukigawa kwa mafungu 48 ni 750 kila fungu. Mama 4,500, kila dada 5,250, mimi na mdogo wangu 10,500 kila mmoja. Si utajiri. Ya kwanza kwanza itakwenda kulipa gharama za ujenzi ambazo tunachangishana kwa mafungu hayo hayo, na mdogo wangu amesema anapenda aingie yeye nyumba ya juu badala ya kulipa kodi Mikindani, basi nae atalipa kwenye mfuko. Dada alieachika ya chini ni yake akiitaka kabla ya mgeni yeyote.

Ua haumwagwi kabro. Mwembe haukatwi, na kando ya ukuta wa magharibi tunapanda mivinje. Kama kuna anaesema mti hauoti kwenye mawe aende Haller Park pale chini, lile lilikuwa timbo tupu la kiwanda cha saruji na kuanzia 1971 walipanda mivinje juu ya mwamba, jongoo wakala majani yaliyoanguka yakawa udongo, sai ni msitu una twiga.

Fundi Mabomba nakuomba unijibu kimoja: septiki ya hizo nyumba mbili niiweke wapi? Kisima kiko kona ya nyuma, magharibi, karibu na hilo banda.

Fundi Mabomba 001

Usiiweke nyuma hata kidogo ijapokuwa ndo rahisi. Maji ya chini huku yanaelekea baharini, yani mashariki, kwa hivo kisima kikiwa magharibi uchafu upeleke mashariki, mbele, kona ya getini upande wa pili wa kisima. Faida ya pili lori la kunyonya linafika bila kuvunja ukuta. Bomba litakuwa refu, karibu futi mia, ulipe mteremko wa moja kwa sitini, ina maana mpaka mbele liwe limeshuka kama futi moja na inchi nane. Weka chemba kila linapopinda. Septiki iwe na sakafu ya zege, kizigo katikati, ipigwe plasta ndani yote, halafu ijazwe maji siku nzima uone kama yanapungua kabla hujaifunika. Na ile septiki ya zamani ya nyumba kubwa iunganishe huko huko uizibe, manake ya miaka ile najua zilivokuwa zinachimbwa.

Sveya Pwani

Na kabla ya fundi kugusa sururu plani ipite kaunti, hata kama ni nyumba mbili tu. Mkienda kwa Kadhi bebeni cheti cha kifo, hati, vitambulisho vya warithi wote, na dada wa Jeddah aandike idhini yake mapema manake hizo karatasi za kutoka nje ndo huchelewesha watu. Baada ya hapo nipigie nije nitafute bikoni, zile alama za mpaka wa ploti, manake ploti za miaka hiyo mara nyingi ukuta wa jirani ushaingia ndani futi mbili tatu.

Mwana wa Mtambo

Dada ashaanza kuitafuta hiyo idhini. Nimepima kwa utepe na mdogo wangu ameshika upande wa pili, kutoka mdomo wa kisima mpaka kona ya geti ni futi 103, kwa hivyo tumepita kipimo chako fundi. Bomba litapita upande wa kaskazini kufuata ukuta ili lisiguse mizizi ya mwembe. Sveya nimekutumia ujumbe, bikoni mbili za mbele nimeziona, za nyuma zote hazionekani.